Rangi ya Pili

Nilimchukia Mama Vitofali kabla sijamtia machoni. Nilikwenda ofisini kwake nimejifunga kibwebwe, maneno nimeyapanga tangu nyumbani, na kama siku ile angenifungulia mlango mtu mwingine yeyote, nadhani yeye ndiye angeyapokea.

Ugomvi wenyewe ulikuwa huu. Mwalimu mkuu wa shule anakosoma binti wa kaka yangu alituita akatuambia mtoto huyu haendi na wenzake. Madaftari yake hayajai, majaribio yake yanaishia nusu, na darasani wamempa jina la Konokono. Basi apelekwe Ofisi ya Elimu akapimwe uelewa. Namba ikija juu ya mstari uliowekwa, atabaki. Ikija chini, atahamishiwa darasa maalumu, shule ya upande wa pili wa mji. Mimi sina neno na darasa lile. Wapo watoto linalowafaa hasa, na walimu wake wana moyo. Lakini kule hakuna mitihani ya kupanda darasa, na mtoto akishaingia, kurudi huku ni ndoto. Na huyu mtoto tunamjua! Huyu ndiye aliyegundua kwa nini kioo cha saluni yangu kinawafanya wateja waonekane wanene. Kilikuwa kimeinama kwa juu, watu wazima tumekitazama miaka yote hatukuona. Akakitia kijiti nyuma, kikakaa sawa, na wateja wakaanza kunisifia kwamba nimenunua kioo kipya.

Kaka yangu ni fundi wa kuandika mabango. Maneno ya mtaa mzima yako mikononi mwake: Hapa Tunashona, Usimwage Taka, Nyumba Hii Haiuzwi. Maneno yake mwenyewe ndiyo hana. Akikasirika anakoroga rangi. Wifi yangu alikuwa na kichanga kifuani. Kwa hiyo, kama kawaida ya ukoo huu, mzigo ukanifikia mimi, shangazi mtu, mwenye saluni na mdomo. Nikamshika mtoto mkono tukaenda.

Chumba cha Mama Vitofali kilikuwa nyuma kabisa ya jengo, ukipita stoo ya madawati mabovu na bomba linalodondoka. Mlango haukuwa na maandishi yoyote. Nilibisha kwa wahasibu, nikabisha kwa watu wa vitabu, nikafungua hata choo, na kila mahali niliambiwa kwa kidole tu: nyuma, nyuma zaidi. Nilipompata nilikuwa nimeshaiva.

Alikuwa mwanamke mfupi wa makamo, amevaa raba, miwani imening'inia kifuani kwa kamba ya kiatu. Sauti yake ilikuwa na mikwaruzo. Kumbe alifundisha madarasa ya chini miaka mingi kabla hajakwenda kusomea kazi hii ya kupima watoto, na vumbi la chaki lilikuwa bado limekaa kooni. Nikafungua mdomo. Akaniwahi.

"Shangazi, naona umekuja kugombana na mimi. Hakuna shida. Lakini mtoto amekuja kufanya kazi. Tumwache kwanza afanye, halafu mimi na wewe tutagombana kwa nafasi."

Kibwebwe nikakilegeza kidogo, lakini sikukifungua.

Jina la Vitofali amelipata kwa sababu ya vibao vyake vidogo vyekundu na vyeupe ambavyo watoto huvipanga kufuata picha. Kabla mtoto yeyote hajaanza, yeye huvifuta kimoja kimoja kwa kitambaa, hata vikiwa safi vinang'aa. Baadaye, tulipokwisha kuzoeana, nilimwuliza kwa nini. Akasema mtoto naye anahitaji muda wa kumtazama. "Mimi nitamtazama asubuhi nzima," akasema. "Na yeye anikague kidogo, ndiyo haki."

Nilipewa stuli nyuma ya mtoto kwa sharti la kufunga mdomo, kazi ambayo kwangu ni nzito kuliko kusuka kichwa kizima. Wakaanza na vitofali. Mtoto alikuwa anaitazama picha mara moja tu, halafu mikono inakwenda yenyewe. Picha zikazidi ugumu, na yeye akazidi kutabasamu. Mama Vitofali alikuwa na saa ya kuhesabia sekunde, ameificha kiganjani mtoto asiione, na mimi nilikuwa naona kidole gumba kikibonyeza upesi upesi. Nikaanza kukaa vizuri kwenye stuli yangu.

Wakaja kwenye maneno. "Aibu ni nini?" akaulizwa.

Mtoto akafikiri. "Ni pale unapotaka ukuta usogee, ukae mbele yako."

Mama Vitofali aliandika, na nikaona kalamu imesimama kidogo kabla ya kuendelea. Mimi huku nyuma nilikuwa natamani kumpigia makofi.

Halafu mambo yakageuka. Alisomewa tarakimu ili azirudishe kinyumenyume. Za mwanzo alizirudisha. Zilipoongezeka akapotea, akaanza kutazama dari kana kwamba zimebandikwa kule. Kisha ikaja karatasi yenye alama ndogo ndogo, duara, msalaba, kijiti chenye kofia, kila alama na namba yake. Kazi ilikuwa kuzichora chini ya namba zake, nyingi iwezekanavyo, kabla muda haujaisha. Mgongo wa mtoto ulinizuia nisione karatasi. Nilikuwa nasikia penseli tu. Kwaru, kimya. Kwaru, kimya. Saa inakwenda, penseli inapumzika. Nilibana midomo nisipige kelele ya "fanya haraka, mama!" na Mama Vitofali, bila kunitazama, akainua kidole kunikanya.

Muda ulipokwisha nikainuka kuchungulia. Alama zilikuwa chache kama meno ya kichanga. Lakini jamani, zilivyokuwa nzuri! Kila duara limefunga, kila msalaba umesimama wima. Ungeweza kuzitundika ukutani. Nilijua papo hapo kwamba uzuri ule ndio umetuangamiza.

Mtu mwingine angekusanya karatasi zake aseme ahsanteni. Mama Vitofali aliivuta ile karatasi karibu na macho, akavaa miwani, akaigeuza kuelekea dirishani.

"Mbona kila mstari umeupitia mara mbili?" akamwuliza mtoto, taratibu, kama anayeuliza njia.

"Ya kwanza ni ya kushika," mtoto akasema. "Ya pili ndiyo ya kuonekana."

"Nani kasema?"

"Baba. Ukipiga rangi moja tu, jua likiwaka bango linafubaa, halafu mwenye duka anasema fundi kamwibia."

Mama Vitofali akavua miwani, akanitazama. Nikamweleza kwamba kaka yangu ni mwandika mabango, kwamba mtoto amekulia kwenye karakana katikati ya makopo ya rangi na thina ya kuizimua, na brashi aliishika kabla ya kijiko. Akaitikia kwa kichwa polepole. Kisha akatoa karatasi nyingine.

"Hii ni ya mchezo wetu sisi wawili," akamwambia mtoto. "Haiingii kwenye hesabu. Hapa tunapiga rangi moja tu. Ikifubaa, lawama ni yangu."

Mtoto alinigeukia kana kwamba ameambiwa atoke nje na nguo za ndani. Nikamwonyesha kwa nyusi kwamba afanye. Akafanya. Safari hii penseli haikunyamaza sana. Sitasema aliruka kama mshale, la. Bado alikuwa wa polepole kuliko watoto wengi, Mama Vitofali alinionyesha kwa kidole wanapofika wenzake. Lakini alikuwa ameiacha karatasi ya kwanza mbali kabisa.

"Haya, shangazi," Mama Vitofali akasema akifunga mfuko wake. "Tugombane sasa?"

"Bado," nikasema. "Nasubiri majibu."

Majibu tuliitiwa mimi na kaka. Kaka alikuja na shati lake zuri, lenye doa moja tu la kijani. Mama Vitofali alitandaza karatasi mezani, akaanza kutueleza bila kutuzungusha. Kufikiri kwa maumbo, mtoto yuko mahali ambapo watoto wachache sana wa umri wake hufika. Maneno, yuko juu ya wengi. Kushika tarakimu kichwani, yuko chini ya wengi. Kasi ya mkono, yuko chini kabisa.

"Sasa fomu ya ofisi ina kisanduku hiki," akasema, akakigonga kwa kucha. "Wanataka nichanganye vyote, nitoe namba moja. Nikichanganya, namba inaanguka chini ya mstari wa shule. Kidogo tu, lakini inaanguka."

Nikasimama. Ugomvi wangu niliouahirisha ulipanda wote kwa pamoja. "Kwa hiyo mtoto anahama?"

"Kaa, shangazi. Wewe una saluni, si ndiyo? Akija mteja ana nywele za kufika mabegani upande huu, na upande huu kipara kitupu, utamwandika kwamba ana nywele za wastani?"

Nilicheka. Sikutaka, lakini kicheko kilinitoka. Hata kaka alicheka, puani.

"Basi. Hakuna mahali kwenye kichwa kile palipo na nywele za wastani. Ukimsuka kama mwenye nywele za wastani, utamharibu pande zote mbili. Namba nne zikiachana namna hii, ile ya tano inayotoka katikati haimwelezi mtu yeyote. Kisanduku mimi nakiacha wazi."

Hii ndiyo vita yake ya miaka mingi, nilikuja kujua baadaye. Wakubwa wamepita pale ofisini wengi, na kila mmoja amemrudishia fomu akimwambia amesahau kisanduku. Naye huirudisha na neno moja ameliandika pembeni: Sikusahau. Zamani, akiwa mwalimu, aliwahi kupewa watoto wawili wenye namba ileile. Mmoja alikuwa anasoma vizuri lakini hesabu hazimwingii, mwenzake kinyume chake. Wote wawili wakapewa kitabu kimoja chepesi kinachowafaa wa namba ile, na wote wawili wakachoka na shule. Alitusimulia hayo akiwa amekunja uso, na nikaona hasira yake ni ndugu kabisa na yangu.

Kaka alikuwa akikwangua lile doa la kijani kwa kucha. Mwisho akauliza, sauti ndogo, "Nimemharibu mwanangu?"

"Wewe? Wewe umemfundisha kazi," Mama Vitofali akajibu. "Umesahau tu kumwambia kwamba daftari si bango. Lakini nisikudanganye, si kila kitu hapa ni rangi. Tarakimu zinamponyoka kweli, na mkono wake hata ukiharakishwa hauna mbio. Atahitaji msaada, na kusaidiwa siyo kuhamishwa."

Tukarudi nyumbani. Kaka alitangulia mbele njia nzima, na nilijua anakoroga rangi kichwani. Kufika karakana akamwita mtoto. Akachukua ubao mpya na kipande cha chaki, kabla hata ya kuvua lile shati zuri, akachora herufi za bango zima kwa mkono wa haraka, zimepinda, nyingine hazina miguu. Ndivyo anavyoanza kila bango, anapima maneno yatakaaje, kisha anafuta. Mtoto ameliona jambo hilo maisha yake yote.

"Hii ina rangi ngapi?" akamwuliza.

"Haina rangi, baba. Ni chaki."

"Inadumu?"

"Haidumu. Ni ya kuonyesha tu wapi maneno yatakaa."

"Basi daftari la shule ni chaki," kaka akasema. "Mwalimu anataka kuona wapi maneno yamekaa. Rangi utapiga hapa kwangu."

Ni hotuba ndefu kuliko zote ambazo kaka yangu amewahi kutoa, na nilikuwepo hata kwenye harusi yake.

Kikao kilifanyika ofisini kwa mwalimu mkuu, chini ya kabati la vikombe vya mpira. Tulikuwa yeye, mwalimu wa darasa, Mama Vitofali, kaka na mimi. Mtoto alikaa nje kwenye benchi, na kupitia mlango uliokuwa wazi nilikuwa naona viatu vyake vikining'inia. Wote mle ndani tulijua atakayeamua ni mwalimu mkuu. Wala hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na shule iliyofurika, walimu hawatoshi, na alipenda jambo analoweza kulimaliza kwa mstari mmoja.

Akaifungua ripoti. "Mama, umesahau namba."

"Sikusahau, mwalimu."

"Kila mtoto ana namba."

"Huyu ana nne. Zote ziko hapo."

Mwalimu mkuu akashusha pumzi, akavuta karatasi, akajumlisha, akagawanya, akapigia mstari. "Nimekusaidia. Na iko chini." Akaiweka kalamu kwa namna ya mtu aliyemaliza. Nje, viatu vilikuwa vinapiga benchi taratibu.

Hapo mdomo wangu ukaniponyoka. "Mwalimu, hebu fikiria mtu ana nywele za kufika mabegani upande mmoja, upande wa pili kipara kitupu. Utasema ana nywele za wastani?"

Nilipofika kwenye neno kipara ndipo nikakitazama kichwa cha mwalimu mkuu. Kilikuwa kinang'aa mwanzo hadi mwisho. Kaka alifumba macho. Mwalimu wa darasa aligeukia dirishani, mabega yanacheza. Nilitamani ule ukuta wa binti yetu usogee mbele yangu.

Mwalimu mkuu alijipapasa utosini, polepole, kama anayehakikisha. "Angalau mimi," akasema, "ukitoa wastani utapata jibu sahihi." Akaanza kucheka yeye mwenyewe, tukamfuata kwa shukrani.

Mama Vitofali hakuiacha nafasi ile ipite. Akamgeukia mwalimu wa darasa, dada mdogo mwenye vumbi la chaki hadi kwenye kiwiko, anayefundisha watoto waliobanana kwenye madawati kama vitabu kwenye rafu.

"Mwalimu, umekuja na karatasi zake za majaribio. Nisaidie jambo moja. Maswali anayoyafikia, anafanyaje?"

Yule dada akaanza kupekua. Akapekua karatasi ya kwanza, ya pili, akarudi ya kwanza. "Anayoyafikia," akasema, "anayapata. Karibu yote." Akapekua tena, safari hii akipitisha kidole. "Mimi nimekuwa nikitia kosa kwenye yale aliyoyaacha wazi. Nafuta ubao yeye bado yuko mstari wa juu. Nikimsubiri, wengine wanaanza kurushiana viatu."

"Huwezi kumsubiri, na mimi sikuombi umsubiri," Mama Vitofali akasema. "Nakuomba asinakili. Mpe maswali yakiwa yameandikwa tayari. Hesabu ndefu mpe kwa vipande, aandike kila kipande kabla ya kinachofuata, asibebe tarakimu kichwani. Basi."

"Na mtihani wa kupanda darasa?" mwalimu mkuu akauliza. "Kule hakuna vipande."

"Kule kuna muda wa ziada kwa mtoto mwenye ripoti yangu. Wewe unaruhusiwa kuutoa, kwa sahihi yako. Ripoti zangu, mwalimu, watu huzitumia kuwatoa watoto tu. Nimechoka. Safari hii naomba itumike kumbakiza."

Sauti yake ilipasuka kidogo pale mwisho, na haikuwa chaki. Aliyejibu alikuwa mwalimu wa darasa, ambaye hadi wakati ule nilikuwa nimempanga upande wa maadui.

"Niachieni huyu mtoto muhula mmoja," akasema. "Maswali nitayaandika mimi mwenyewe."

Mwalimu mkuu alizitazama zile namba nne, akaitazama yake ya tano aliyoipigia mstari. Akaikata. "Muhula mmoja. Mtihani utaamua. Akishindwa, tusilaumiane."

Kaka alisimama akampa mkono kila mtu, mara mbili mbili.

Muhula ule tuliuishi wote. Mwalimu wa darasa alikuwa anatuma maswali kwenye vikaratasi, mtoto anabandika kwenye daftari, anajibu. Jioni, karakana, kaka anamsomea hesabu kwa vipande huku anaandika mabango, na nusura duka moja la viatu liandikwe kumi na saba baki mbili. Majibu yalianza kujaa kwenye daftari, mwandiko umepinda, herufi nyingine hazina miguu. Mwandiko mbaya! Nilikuwa napita saluni nzima nikiwaonyesha wateja ule mwandiko mbaya kwa fahari. Tarakimu ziliendelea kumponyoka, siku nyingine analia, siku nyingine penseli inataka kurudia mstari na anaikamata yeye mwenyewe na kunong'ona, "Chaki, chaki." Mama Vitofali alikuwa akipita shuleni akitokea kazini, bila kuitwa na mtu, anachungulia dirishani, anaondoka na raba zake.

Siku ya kusomwa majina ya wanaopanda darasa ilinikuta nina mteja kitini, nimemsuka upande mmoja. Nikamwambia nisubiri. Akasema wapi, na yeye anakuja, hadithi hii amekuwa akiisikiliza muhula mzima. Tukafika uwanja wa shule tunahema, yeye upande mmoja mistari imelala vizuri, upande wa pili nywele zimesimama kama zimeona jambo. Kaka alikuwa ameshafika, na wifi na kichanga, na pembeni ya ukuta nikaziona raba.

Mwalimu mkuu akaanza kusoma majina ya darasa lao. Alisoma, na alisoma, na kaka akawa anahesabu kwa vidole waliokwisha kuitwa. Kisha likaja. Jina lake kamili, na la baba yake, na la babu yake, likasomwa mbele ya shule nzima. Hakuwa wa kwanza. Alikuwa amekaa katikati, juu kidogo. Lakini mwalimu mkuu akaongeza jambo ambalo halikuwa kwenye karatasi, kwamba maswali ya maumbo, mtoto aliyeyapata yote katika darasa lile ni huyu, peke yake.

Nilipiga kelele ambayo mpaka leo watu wa mtaa ule wanaitaja. Wifi akalia, kichanga kikalia kwa kumuunga mkono. Kaka akamnyanyua binti yake juu juu kama hana uzito. Watoto waliokuwa wakimwita Konokono wakaanza kushangilia nao, maana watoto hawana kinyongo, wakipata kelele ya kupiga wanaipiga. Mwalimu wa darasa alikuja mbio akanikumbatia mimi, mtu niliyempanga upande wa maadui, akaniachia chaki mgongoni. Mwalimu mkuu akatufikia, akamwona mteja wangu, akamzunguka kumtazama pande zote mbili.

"Shangazi," akaniambia, "huyu ndiye yule wa wastani?"

Nilimtafuta Mama Vitofali nimshukuru. Alikuwa bado ameegemea ukuta, anafuta miwani kwa kitambaa kile kile cha vitofali, na miwani haikuwa na vumbi.

"Tugombane sasa?" akaniuliza.

Nikamkumbatia mpaka raba zikaacha ardhi.

Likizo ilipoanza, kaka alisema deni la namna ile analipa kwa kazi ya mikono. Tukaenda watatu hadi nyuma ya lile jengo, tukapita stoo na bomba, na kaka akaweka makopo chini ya ule mlango mtupu. Lakini brashi hakuishika yeye. Alimpa binti yake, akasogea nyuma, akakaa juu ya dawati bovu.

Mtoto aliuchora kwanza kwa chaki, upesi, herufi zimepinda: Mama Vitofali. Karibu. Akasogea nyuma, akatazama, akafuta, akachora tena. Wahasibu walitoka kuchungulia. Mkubwa wa ofisi naye akafika na faili zake, akakuta korido imezibwa, akauliza kazi hii itachukua muda gani, watu wanataka kupita.

Mama Vitofali alichukua ile saa yake ya sekunde, akaitumbukiza ndani ya mfuko wa vitofali, akafunga kamba.

"Pita nje, mkubwa," akasema.

Mtoto alikuwa amechovya brashi, ameinua mkono, halafu akasita. Akageuka, akamtazama mwenye mlango.

"Mama, hapa ni rangi ngapi?"

"Hapa," Mama Vitofali akamwambia, "piga mbili."

Mtoto akaugeukia mlango, akaanza na ya kwanza.